Sikio Lisilouma

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za milimani Lushoto, sikumbuki mama aliyepanda mlima kuniletea mtoto kwa sababu tu sikio lake linatoka usaha. Walikuja kwa homa, kwa kikohozi, kwa kuharisha, kwa upele. Sikio nililikuta mwenyewe nilipomgeuza mtoto kichwa: utando mkavu wa manjano kwenye ndewe, nywele za karibu na shavu zimeshikana, na harufu ambayo muuguzi akishaijua huitambua kabla hajamgusa mgonjwa. Nikiuliza, "Mama, hili sikio limeanza lini?" jibu halikutofautiana sana nyumba kwa nyumba: "Aa, hilo la siku nyingi, nesi. Wala halimuumi."

Sikio linalouma lina watetezi wake. Mtoto hulia usiku kucha, baba huamka, jirani hugonga ukuta, na kukicha mtu yuko njiani kwenda zahanati au duka la dawa. Lisilouma halina wa kulisemea. Mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule, na usaha unafutwa kwa pindo la kanga asubuhi na jioni kama kamasi. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Ninaandika kwa ajili ya sikio hilo la pili.

Sisi wenyewe wa sekta ya afya tulichangia kulisahaulisha. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa katikati ya miaka ya 1990, na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea, unataka kila mama aulizwe mambo manne makubwa, awe amekuja na shida gani: kikohozi au kupumua kwa shida, kuharisha, homa, kisha tatizo la sikio. Ni mpango mzuri sana, tena umetungwa kwa zahanati kama zetu ambazo hazina hata kile kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya sikio. Uliza kama linauma, uliza kama linatoka usaha na kwa muda gani, tazama, papasa nyuma yake. Basi. Lakini swali la sikio ni la nne. Foleni ikifika getini na muuguzi yuko peke yake, swali la nne ndilo la kwanza kurukwa.

Nilijifunza kuanza na hilo. Nilikuwa nikimpokea mtoto, kabla hata ya kadi yake ya kliniki kufunguliwa, namshika kichwa taratibu na kutazama masikio yote mawili. Wenzangu waliona ni mtindo wangu tu. Ulikuwa uamuzi.

Kwa nini watoto, na kwa nini hasa walio kati ya miezi 6 na miaka 2? Nyuma ya kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, kuna chumba kidogo chenye hewa na mifupa mitatu. Mmoja wao, kikuku, ndio mdogo kuliko mifupa yote mwilini. Urefu wake ni milimita 3 hivi. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, ambao umebaki na jina la daktari wa Kiitalia wa karne ya 16, Bartolomeo Eustachi. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, na chochote kilichomo hushuka kooni. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kama mfereji wa shamba uliochimbwa bila mteremko. Mafua yakivimbisha pua, mrija unaziba. Hewa ya chumbani hufyonzwa na mwili, majimaji hujikusanya mahali pake, na bakteria waliokuwa wakikaa puani bila kumdhuru mtu hupata pa kuzaliana. Mmoja wao, nyumokokasi, ndiye huyo huyo anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Kwetu kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hulala juu ya mashamba ya kabichi mpaka saa nne asubuhi. Milango hufungwa. Mafiga yanawaka ndani, kuni ni mbichi, na watoto wanne wanalala kitanda kimoja wakipeana mafua. Moshi peke yake hauleti ugonjwa wa sikio, lakini huchokoza ngozi laini ya puani na kwenye mrija ule hadi ikashindwa kusukuma uchafu nje. Nilizoea kuona wimbi la mafua likipita zahanati, na siku chache nyuma yake wimbi la masikio.

Sikio linapoanza kuuma, mtoto mdogo hawezi kusema. Anashika ziwa, ananyonya mara mbili tatu, analiachia na kupiga kelele, kwa sababu kunyonya na kumeza hubadilisha shinikizo ndani ya chumba kile. Ukimlaza analia zaidi; ukimbeba wima anatulia kidogo. Ana homa. Wengine hulivuta sikio, ingawa mtoto anayevuta sikio huku anacheza na kula vizuri mara nyingi anajifunza mwili wake tu, na sitaki mama yeyote akimbilie dawa kwa dalili hiyo pekee.

Dawa ya kwanza ni ya maumivu: parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Hapo nawaomba wazazi wasione haya wala wasidhani ni dawa ndogo, maana maumivu ya sikio ni makali na mtoto ana haki ya kulala. Antibayotiki ni suala jingine. Masikio mengi ya namna hii hupona yenyewe ndani ya siku 2 au 3, na katika nchi ambazo mzazi anaweza kumrudisha mtoto kwa daktari kesho yake, madaktari wengi huwasubiri watoto waliokwisha pita umri wa hatari. Kwetu mama ametembea saa tatu na kurudi kwake kesho ni ndoto. Mwongozo wetu unasema amoksilini kwa siku 5, na arudi siku ya 5 atazamwe. Nakubaliana na uamuzi huo kwa mahali petu, kwa sharti moja: siku 5 ziwe 5. Nimeona chupa zilizobaki nusu kabatini zikisubiri mtoto mwingine augue, na dawa iliyogawanywa hivyo haimtibu yeyote. Inawafundisha bakteria kuivumilia.

Sasa njoo mahali ambapo mambo hugeuka bila mtu kuona. Usiku wa pili au wa tatu, kiwambo kilichojaa hupasuka. Usaha unatoka, pengine na damu kidogo, shinikizo linashuka na maumivu yanakatika. Mtoto analala usingizi mzito mara ya kwanza tangu augue. Nyumba nzima inamshukuru Mungu, na ni haki yao. Kwa watoto wengi tundu lile huziba lenyewe katika wiki chache. Lakini kwa wengine maji ya kuoga yanaingia, mafua mapya yanakuja, hakuna anayelikausha, na unyevu unakaa. Mwongozo wetu umeweka mpaka: usaha wa chini ya siku 14 ni ugonjwa wa ghafla, wa siku 14 au zaidi ni sugu. Si suala la kuhesabu tu. Waliomo ndani wamebadilika. Wameingia bakteria wengine wanaopenda unyevu, ambao amoksilini haiwawezi kabisa. Ndiyo maana mama anayerudi duka la dawa mara ya tatu kununua ile ile iliyomsaidia mwanzo haoni mabadiliko, halafu anakata tamaa na kusema, hili ndilo sikio lake, kazaliwa nalo.

Hajazaliwa nalo. Linatibika kwa kitambaa.

Nasema hivi nikijua watu hunitazama kwa shaka. Mtu ametoka mbali, anataka sindano. Lakini matibabu ya sikio sugu yana sehemu mbili: kulikausha, na matone ya dawa ya kundi la kwinoloni, kama siprofloksasini, kwa wiki 2. Matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki yanakotakiwa. Yanaelea na kutoka. Kukausha ndiko kunakofungua njia. Nilikuwa nikichukua kipande cha kanga kuukuu safi, kile kilichofuliwa mara nyingi hadi kikawa laini na chenye kunyonya maji, nakisokota kiwe utambi wenye ncha, nakiingiza polepole mpaka pale mtoto anapokubali, nakiacha kidogo kinyonye. Nakitoa, natazama. Kimelowa? Nachukua kingine. Naendelea hadi utambi utoke mkavu. Mara 3 kila siku, siku baada ya siku, mpaka sikio lenyewe liache kulowa. Karatasi laini iliyo imara kidogo nayo inafaa, lakini ile inayomeguka haifai kwa sababu hubaki ndani. Njiti za kiberiti, unyoya wa kuku na vile vijiti vya pamba vya dukani naviogopa vyote kwa kiasi kimoja. Na ukimaliza, usiache pamba imeziba tundu. Sikio hukauka kwa kupata hewa.

Mwanafunzi wangu bora katika kazi hiyo alikuwa bibi mmoja wa upande wa Mlalo aliyekuwa akimlea mjukuu, mama wa mtoto akiwa ameenda kutafuta kazi Tanga. Alikuja kwa ajili ya kikohozi cha mtoto. Nilipoona sikio nilimsogezea kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikio hili mnalitia nini nyumbani?"

"Mafuta ya nyonyo. Nayapasha moto kidogo na kitunguu saumu. Hata baba yake nilimtibu hivyo hivyo alipokuwa mdogo."

"Na baba yake alipona, bibi?"

Alifikiri. "Alipona. Ila upande huu hasikii vizuri mpaka leo."

Alilisema kama jambo la kawaida, kisha akanyamaza, na nilimwona akiliunganisha mwenyewe. Sikuongeza neno juu ya baba wa mtoto. Mwanamke aliyelea watoto bila zahanati karibu, kwa alichokuwa nacho mkononi, hastahili kusomewa mashtaka na nesi. Nilimweleza tu kwamba ndani pana tundu, na kila kinachomiminwa, kiwe mafuta, maji ya majani au maziwa ya mama, kinapita tunduni na kukaa chumbani pamoja na usaha. Kisha nikamwonyesha utambi. Aliuchukua mkononi mwangu, akausokota upya kwa ustadi kuliko wangu, akaniuliza kama inafaa afanye mtoto akiwa amelala mapajani. Inafaa sana, nikamwambia. Aliporudi siku ya 5 alikuja na tambi zake kwenye mfuko safi, zimekatwa urefu mmoja. Sikio lilikuwa na unyevu kidogo tu. Wiki 2 zilipokwisha lilikuwa kavu.

Kuna matone ambayo lazima niyataje kwa jina la dawa, kwa sababu yanauzwa kirahisi: jentamisini. Watu huyanunua kwa ajili ya macho na kuyatia masikioni pia. Dawa za kundi la jentamisini zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kufika sikio la ndani na kuua chembechembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na chembechembe hizo kwa binadamu hazioti tena. Kama hujaambiwa na mtu aliyelitazama sikio, usinunue matone kwa kukisia.

Huwa siwatishi wazazi bila sababu, lakini nikiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele likasimama kuliko mwenzake, huwa sijadili. Mfupa wa mahali pale una vijumba vya hewa vinavyopakana na ubongo. Mtoto hupewa dozi ya kwanza na kuondoka kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi kwa mchango. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa, mdomo ukienda upande, au mtoto akilala usingizi usioamshika. Na usaha wenye harufu mbaya sana usiokoma kwa matibabu yote niliyoyaeleza unahitaji macho ya daktari bingwa wa masikio, kwa sababu wakati mwingine ngozi hukua ndani ya chumba kile na kula mifupa taratibu bila maumivu yoyote.

Sikio sugu lina habari nyingine pia linayoweza kutupa. Kwa mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kujulikana, usaha wa sikio usioisha unaweza kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo zinazoonekana. Nimekaa na akina mama katika mazungumzo hayo mlango ukiwa umefungwa. Wengi wa watoto wenye masikio ya usaha hawana virusi, na hilo hulisema kwanza. Lakini kumpima ni kumpenda; wale tuliowagundua kwa njia ya sikio walianza dawa kabla mwili haujachoka.

Niliacha la shule kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwalimu mmoja wa darasa la pili alinijia zahanati kwa shida zake, katika mazungumzo akanieleza habari za binti darasani mwake: mkaidi, anaitwa haitiki, akitumwa analeta kitu kingine. Kwenye imla mwalimu akisoma "fika" yeye anaandika "pika". Nilimwomba amlete. Sikio la kulia lilikuwa limejaa usaha, la kushoto lilikuwa zima. Nilimwambia mwalimu asimame nyuma yake, mtoto azibe sikio la kushoto kwa kidole, kisha amwite jina kwa sauti ya kawaida. Binti hakugeuka. Mwalimu aliita tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, lakini nadhani ni koo lake lililokuwa limekwama.

Sauti kubwa husikika hata kiwambo kikiwa na tundu. Zinazopotea ni hafifu, kama f, s, h na t, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mtoto anasikia kwamba kuna mtu anaongea. Hasikii kinachosemwa. Darasani wakiwa sabini, na mvua ya masika ikipiga bati, anabaki kutazama midomo na kubahatisha. Baada ya muda anachoka, anatazama dirishani, na sisi tunampa jina la mzito. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu usikivu ya mwaka 2021 inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Nilipoisoma sikufikiria asilimia. Nilifikiria madawati ya nyuma ya shule zote nilizowahi kupita kutoa chanjo.

Kuzuia hakuna siri kubwa. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, mtoto anyonyeshwe au anyweshwe kichwa kikiwa kimeinuka, asiachiwe chupa akiwa amelala chali, jiko lenye moshi litolewe alipolala mtoto, na sigara pia, chanjo zikamilike. Chanjo ya nyumokokasi, ambayo Tanzania iliingiza mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii masikio yote, maana bakteria si mmoja, lakini inapunguza, na inamkinga mtoto na nimonia kwa wakati huo huo.

Sikio la binti yule lilikauka. Mama yake alilikausha kwa bidii, matone tukayapata kwa taabu, na usaha ukakoma. Tundu, hata hivyo, lilibaki, kwa sababu lilikuwa la miaka. Alipelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, na baadaye ile ya KCMC, Moshi, safari ya basi kutoka Mombo kupitia Same. Huko walielezwa kwamba kiwambo kinaweza kuzibwa kwa upasuaji, kwa utando mwembamba unaochukuliwa juu kidogo ya sikio lenyewe, lakini inafaa asubiri akue, mafua ya utotoni yapungue, kiraka kisije kikaharibika.

"Kwa hiyo tunakaa tu, nesi?" mama aliniuliza waliporudi.

Hapana, hatukai. Akioga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando iwekwe sikioni, itolewe akimaliza. Asiogelee mtoni na wenzake, hata kama atalia. Usaha ukirudi, tambi zirudi siku hiyo hiyo. Mwalimu naye alimpa dawati la mbele upande wa kulia wa darasa, ili sikio la kushoto, lile zima, lielekee ubaoni na kwa wenzake. Januari iliyofuata binti aliingia darasa la tatu na kukuta mwalimu mwingine, na mama yake alishuka shuleni siku ya kufungua, kabla ya kengele, kumweleza yote tangu mwanzo.